Sufuria moja tu, kambi nzima yashiba!

Na Mwandishi Wetu, Pemba

MSIMU wa karafuu ukiingia Pemba, nyumba nazo huhama. Mlango unatiwa kufuli, kuku anaachiwa jirani, na familia inajitwika majamvi, mapakacha, dumu la maji na sufuria kwenda kupiga kambi chini ya mikarafuu. Mwenye shamba la karibu hurudi nyumbani jioni. Mwenye shamba la mbali hulala huko huko, wiki nzima au zaidi, yeye na wachumaji wake.

Sasa msomaji wangu, hebu tuulizane bila ya kuoneana haya: huko kambini watu wanakula nini?

Jibu unalijua. Asubuhi chai ya rangi na boflo la jana. Mchana kipande cha muhogo kilichochemshwa na chumvi, kinachoteremka kooni kwa msaada wa maji. Jioni, kama kuna mwenye nguvu zilizobaki, wali mkavu na kachumbari. Asiyekuwa na nguvu hulala na chai yake ile ile. Kesho alfajiri mtu huyo huyo anapanda mkarafuu, mti mrefu wenye matawi yanayokatika bila ya taarifa. Kila msimu tunasikia fulani kaanguka, na kila msimu tunalaumu tawi. Tumbo tupu na kizunguzungu cha njaa havitajwi!

Wala si kwamba chakula hakuna. Muhogo upo, majimbi yapo, ndizi zipo, nazi zinaanguka zenyewe, na samaki wanapita njiani kwa baiskeli. Kinachokosekana ni mikono na wakati. Mama wa kambini amechuma mchana kutwa matawi ya chini. Jua likizama kazi ya pili inamngoja: kuchambua, yaani kuzitenga karafuu na makonyo yake. Karafuu mbichi hailazwi kwenye gunia ikasubiri mtu apumzike. Ikirundikwa inashika joto na kuharibika, na bei yake inaharibika nayo. Huyo mama utamwambia saa ngapi aangalie sufuria ya wali, sufuria ya mchuzi na sufuria ya mboga, moto wenyewe wa mafiga matatu tu?

Dawa ipo, nayo ni nyepesi kuliko unavyofikiri: sufuria moja, moto mmoja, na mvuke ufanye kazi. Chini kinaiva kimoja, juu kinaiva kingine, na mpishi ameketi jamvini anachambua karafuu zake.

MWALIMU YUKO WAWI

Anayetaka kuujua uwezo wa mvuke asiende mbali. Afike Wawi, hapo nje kidogo tu ya mji wa Chake Chake. Ndipo kilipo kile kiwanda cha mafuta ya makonyo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Wengine wanadhani mle ndani makonyo yanasagwa na kukamuliwa kama ufuta. Hapana. Makonyo hupakiwa ndani ya mtungi mkubwa wa chuma, mvuke unapitishwa katikati yake, nao unapopita unayachukua mafuta yaliyojificha humo. Mvuke huo ukishapozwa unarudi kuwa maji, na mafuta yanajitenga. Kituko ni kwamba mafuta haya ya karafuu ni mazito kuliko maji, kwa hivyo yanatuama chini badala ya kuelea kama mafuta ya nazi.

Basi kumbuka hilo. Kikonyo kikavu kama kijiti cha kiberiti, ambacho ungekitafuna hadi meno yakuume, mvuke unaingia ndani yake na kutoka na kila kilichomo. Itakuwa kipande cha changu?

Na tusisahau kwa nini kazi hii iko Pemba. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja. Pemba haikupigwa kiasi hicho, na tangu hapo ndiyo iliyobeba mzigo wa karafuu za Zanzibar. Miaka nenda miaka rudi watu wakavuka bahari kutoka Unguja kuja kuchuma, kila mmoja na kijungu chake. Kupika kambini, kwa hivyo, ni elimu ya zamani hapa. Sisi tunaikumbusha tu na kuitia maarifa kidogo.

KWA NINI MVUKE?

Hesabu yake ni hii. Kuipasha gramu moja ya maji kutoka nyuzi 0 mpaka ichemke kwenye nyuzi 100 kunataka kalori 100. Kuigeuza gramu hiyo hiyo, ambayo tayari inachemka, iwe mvuke kunataka kalori nyingine kama 540. Joto lote hilo mvuke unatembea nalo kama mtu aliyebeba bahasha ya mshahara. Ukimgusa samaki wa baridi unarudi kuwa maji, na bahasha yote anaachiwa samaki. Ndiyo maana mvuke unaivisha haraka, na ndiyo maana ukikuunguza mkono unakumbuka mwezi mzima.

Kutokana na hesabu hiyo tunapata mambo matatu ya kushika.

La kwanza, mfuniko ndiyo roho ya pishi. Kila unapofunua "nione tu kidogo", unaitupa ile bahasha hewani. Funika, halafu sahau.

La pili, moto mkali hausaidii kitu. Maji yakishachemka, hata uchome kuni za harusi nzima, hayapandi juu ya nyuzi 100. Utakachopata ni maji kukauka upesi na sufuria kuungua. Moto mdogo unaotoa mvuke wa taratibu unatosha kabisa. Na hapa Pemba tushukuru hatuna milima mirefu. Wenzetu wanaopeleka wageni kileleni Kilimanjaro hukuta huko juu maji yanachemka kwenye nyuzi 80 hivi, na chakula kinachukua muda mrefu kuiva.

La tatu, kinachopikwa kwa mvuke hakiogeleshwi. Ukichemsha mboga kwenye maji mengi kisha ukayamwaga, vitamini nyingi umezimwagia migomba. Kwa mvuke nyingi zinabaki, na kinachodondoka kinaingia kwenye mchuzi ulio chini. Hapotei mtu hapo!

VYOMBO VYA SAFARI

Usitishike ukasikia watu wanazungumzia vyombo vya kambi vya Ulaya vinavyokunjwa kama mwavuli. Vizuri ukiwa navyo, lakini si lazima. Mahitaji yako ni haya:

Sufuria moja ya aluminiamu, ya kina kirefu, yenye mfuniko unaokaa sawasawa. Kwa watu wanne chukua ya lita 5 hivi. Kama unanunua mpya, nunua seti ya zile zinazoingiana, ndogo ndani ya kubwa. Ukisafiri, ndani ya ile ndogo unapakia chumvi, bizari na kiberiti, na mzigo wote unakuwa mmoja.

Kichanja cha ndani, kile kinachokipandisha chakula juu ya maji. Madukani zipo sufuria za mvuke zenye sahani ya matundu. Huna? Chukua kopo la maziwa, ulitoboe matundu kwa msumari na kuligeuza kifudifudi ndani ya sufuria, juu yake uweke sahani ya bati. Huna hata kopo? Kata mashina ya majani ya mgomba, yapange chini msalaba kwa msalaba. Wenzetu Waganda ndivyo wanavyofanya na matoke yao siku zote: mashina chini, ndizi zimefungwa katika majani juu, na hawajawahi kuililia sahani ya dukani. Lakini tahadhari, usikate kijiti chochote ukaribiacho. Mnyaa, kwa mfano, utomvu wake ni sumu. Na kopo lililokuwa na rangi au dawa ya wadudu lisikaribie chakula hata lioshwe mara mia.

Majani ya mgomba. Haya ni karatasi, ni sahani, na ni mfuniko wa pili. Yapitishe juu ya moto kidogo mpaka yalainike na kung'aa, vinginevyo yatapasuka ukiyakunja.

Moto. Mafiga matatu, seredani, au ule mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye jiko lake kichwani, ambao sasa ndio jiko la safari la Watanzania wengi. Zamani kambi ya mwenye uwezo ulikuwa ukiijua kwa mlio wa stovu ya Primus, ile ya mafuta ya taa iliyobuniwa Sweden mwaka 1892. Mngurumo wake ulisikika shamba la tatu! Skauti na askari wao wana mkebe wao wa kambi, sufuria na sahani kwa pamoja. Nao unafaa, ila ni wa mtu mmoja na nusu.

Haya, tumeshafunga mzigo. Twende jikoni.

WALI WA GHOROFA MBILI

Huu ni wali wa nazi chini, samaki juu. Kwa watu watatu hadi wanne.

Chukua mchele vikombe 2, uuchague, uuoshe na kuuroweka nusu saa. Kuna nazi moja, kamua tui jepesi vikombe 3, na tui zito nusu kikombe uliweke pembeni. Samaki wako, changu au tasi, mkate vipande vya unene wa vidole viwili. Mtie chumvi, ndimu, thomu iliyopondwa, tangawizi na pilipili mbichi kiasi cha roho yako. Kila kipande kifunge ndani ya jani lililobabuliwa, ukilifunge vizuri kwa ukambaa wa mgomba ili maji ya samaki yasimwagike.

Injika tui jepesi na chumvi. Likichemka tia mchele, koroga mara moja, funika. Dakika kama 10, ukiona tui linakaribia kukauka na wali umeanza kutoa vijishimo, mimina lile tui zito, kisha panga mafurushi ya samaki juu ya wali. Funika kwa jani la mgomba, halafu mfuniko wenyewe. Punguza moto chini, na makaa machache uyapalie juu ya mfuniko. Hesabu dakika 20. Fungua furushi moja tu: nyama ya samaki ikiachana na mwiba na ikawa nyeupe mpaka ndani, basi tayari.

Utakapofungua majani hayo, harufu itawaita hata wale waliosema hawana njaa. Wala hapakuwa na mafuta ya kukaangia, wala sufuria ya pili ya kuosha.

MUHOGO JUU, NG'ONDA CHINI

Hiki ni chakula cha kambi ya mbali, mahali ambapo samaki mbichi hafiki. Ng'onda anakaa bila ya barafu, na muhogo upo shambani.

Mloweke ng'onda saa nzima, umwoshe ili chumvi ipungue, umkate. Chini ya sufuria tia vikombe 4 vya maji, kitunguu, tungule 3, bizari kijiko cha chai na vipande vya ng'onda. Usitie chumvi kwanza, ng'onda anayo ya kutosha kijiji. Weka kichanja chako kiwe juu ya mchuzi. Juu yake panga muhogo uliomenywa na kupasuliwa, umetolewa ule uzi wa kati. Funika na uache ufuke kwa dakika 20. Kisha ongeza vipande vya boga juu ya muhogo, na funika dakika 15 nyingine. Muhogo ukimegeka kwa uma, epua hivyo vya juu. Mchuzi uliobaki utie tui zito kikombe kimoja, ukoroge kwa upawa mpaka upate moto, na usiuache uchemke sana maana tui litakatika.

Ukitaka majimbi badala ya muhogo, ruksa. Lakini majimbi yasipoiva sawasawa yanawasha koo. Yape muda, yalainike mpaka ndani.

MKATE WA MVUKE

Boflo la jana limetuchosha. Huu unaumuka wewe ukiwa juu ya mti.

Unga wa ngano vikombe 2, hamira kijiko 1 cha chai, sukari vijiko 2 vya chakula, chumvi kidogo, hiliki ukiwa nazo. Kandia kwa tui la vuguvugu, kama kikombe kimoja kasorobo, mpaka unga ulainike. Uache saa moja uumuke. Mimina kwenye bakuli la bati lililopakwa mafuta, usilijaze zaidi ya nusu. Weka bakuli juu ya kichanja, maji yanachemka chini yake bila ya kuligusa. Hapa kuna siri: funga kitambaa safi kwenye mfuniko kwa ndani, ncha zake uzifunge juu zisishike moto. Kitambaa kinanywa matone ya mvuke, vinginevyo yatadondokea mkate na kuutia vidonda. Dakika 40. Choma kijiti katikati, kikitoka kikavu mkate umeiva. Hautakuwa mwekundu juu kama wa tanuri, lakini ni laini kama sponji, na kwa chai ya mchaichai hauna mpinzani.

KUNI NI PESA, KUNI NI MTI

Mafiga yanayowashwa kwa sufuria tatu yanakula kuni mara tatu, hili halitaki profesa. Na kuni za kisiwa zina mwisho. Kila mzigo unatoka mahali: ama shambani, ama msituni, ama kwenye mikoko inayotushikia ufukwe usiliwe na bahari. Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo lake likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo zuri. Lakini gesi nayo ni pesa, na mtungi unapokwisha katikati ya shamba hakuna wa kumpigia simu. Sufuria moja inaokoa vyote, kuni na gesi.

Kama unatumia kuni, anza na vya bure: makumbi, vifuu na makarara. Vifuu vinawaka kwa moto mkali, vinafaa kuchemshia. Makumbi yanafuka taratibu, yanafaa kukaushia wali.

Na kuna ujanja mwingine usiotumia moto kabisa. Chukua pakacha kubwa, lijaze majani makavu ya migomba na matambara, uache shimo la kutosha sufuria katikati. Chemsha choroko zako dakika 15 kwa moto wa kweli, funika, halafu tumbukiza sufuria nzima na moto wake ndani ya pakacha, uizibe juu kwa gunia na kanga kuukuu. Nenda kachume. Baada ya saa mbili ukirudi choroko zimeiva, bado zinaunguza ulimi, na hakuna aliyezilinda. Zichemshe tena kidogo ndipo ule.

MVUKE HAUWEZI KILA KITU

Sasa tukae vizuri, maana hapa hakuna mzaha. Wapo wanaoamini kuwa kitu chochote kikipikwa sana kinakuwa salama. Imani hiyo imeshazika watu.

Nyama ya kasa. Mwezi Machi mwaka 2024, kisiwani Panza hapa hapa Pemba, watu 9 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, 8 kati yao watoto, na wengine 78 wakalazwa. Mwaka 2021 vilevile Pemba ilipoteza watu 7 kwa sababu hiyo hiyo. Sumu ya kasa haiondoki kwa kuchemsha, kwa kuchoma wala kwa mvuke. Humtazami kasa ukajua huyu ana sumu na huyu hana. Jibu ni moja: usile, usimpe mtoto. Na sheria pia inakataza kumuua.

Bunju. Naye ni hivyo hivyo, sumu yake haijali moto.

Samaki aliyelala juani. Vibua na jodari wakikaa kwenye joto wanatengeneza sumu inayowasha mwili, kuvimbisha uso na kumpandisha mtu mapigo ya moyo. Ukimpika baadaye mvuke utaua vijidudu, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa inabaki. Kambini samaki apikwe anapofika, au akaushwe.

Muhogo mchungu. Huu haufai kabisa kwa mvuke. Sumu yake inataka kurowekwa, kukaushwa na kuchemshwa kwa maji yanayomwagwa. Kwenye pishi letu tia ule mtamu unaoujua mbegu yake, usiung'oe tu kwenye konde la mtu usilolijua. (Na kung'oa konde la mtu ni kosa jingine, hilo la polisi.)

Wali wa jana. Wali uliolala usiku kucha kwenye joto la Pemba una vijidudu vinavyotoa sumu ya kutapisha, nayo haiondoki kwa kuupasha moto. Pikeni kinachoisha.

Na jambo la mwisho, kubwa kuliko yote: mvua ikinyesha, usiingize seredani ndani ya kibanda au hema na kufunga mlango. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasinzia akidhani ni uchovu wa kazi, ndiyo basi. Pika nje, au chini ya paa lililo wazi pande zote. Mtungi wa gesi nao usiuzungushie mabati kuukinga upepo mpaka ukaziba wote, unaupasha joto mtungi wenyewe.

NANI APIKE?

Nimeliacha hili mwisho makusudi, maana najua litaleta maneno.

Wavuvi wa Kojani wanajulikana mwambao mzima kwa kwenda dago. Wanahama na vyombo vyao, wanapiga kambi fukwe za mbali, mpaka Tanga na Kenya, wiki kwa wiki. Huko dagoni mara nyingi hakuna mke wala dada. Nani anapika? Wanaume wenyewe! Wanakuna nazi, wanachuja tui, wanaukausha wali ukachambuka punje kwa punje. Hakuna aliyeota kitambi cha aibu. Lakini mwanamume huyo huyo akirudi nyumbani, ghafla hajui hata kibuyu cha chumvi kinakaa wapi. "Mama fulani, chakula bado?" Ajabu ya Musa!

Kwenye kambi ya karafuu, yule aliyeshuka mtini saa kumi anaweza kabisa kuinjika tui wakati mwenziwe anachambua. Pishi la sufuria moja halitaki ufundi wa harusi. Linataka mtu ajue kupanga: kigumu chini, laini juu, funika, usifunue. Mtoto wa skuli ya msingi anaweza kufundishwa kwa siku moja, mume je?

Faida yake si ya tumbo tu. Mama akipata saa mbili za usiku, karafuu zinachambuliwa zikiwa bado mbichi, zinaanikwa mapema, zinakauka vizuri na kufika kituoni na rangi yake. Mchumaji akila wali na samaki badala ya chai, kesho mkono wake haumtetemeki tawini. Kwa hivyo kabla hujahesabu magunia msimu huu, hesabu kwanza waliokula jana usiku. Hao ndio watakaoyajaza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi wa kambini tunaongeza: kabla ya jembe mpe sahani, na kabla ya sahani mwonyeshe sufuria iko wapi, apike!

Tukutane wiki ijayo, inshallah. Mfuniko usifunuliwe!